Bibi anameza dawa ya kifafa, nani anaiangalia damu yake?

POST YA 1

Leo naandika ndefu kidogo. Nimeigawa vipande sita ili uweze kusoma hata ukiwa unanyonyesha. Kama nyumbani kwenu kuna bibi, babu, mama mkwe au shangazi mtu mzima ambaye ameanzishiwa dawa za kifafa, hii ni ya kwako. Tukubaliane jambo moja: mzee akiwa nyumbani, anayempikia, anayemuogesha na anayemhesabia vidonge ni wewe. Daktari anamuona dakika kumi, tena kwa mwezi mara moja.

Wengine mtauliza, kifafa kwa mzee? Tumezoea degedege la mtoto mwenye homa, au kijana aliyeanza kuanguka tangu akiwa shule ya msingi. Lakini kifafa huanza zaidi kwenye ncha mbili za maisha, utotoni na uzeeni. Kwa wazee sababu kubwa ni kiharusi. Mtu amepooza upande mmoja mwaka jana, amefanya mazoezi, amepata nafuu, ameanza hata kupepeta mchele. Halafu siku moja mkono unatikisika wenyewe, macho yanapinduka. Au haanguki kabisa, anakodoa tu macho na kutafunatafuna kama ana kitu mdomoni, ukimuita hasikii. Hapo ndipo anaandikiwa dawa ya kifafa, na mara nyingi ni ya kutumia miaka.

Sasa kuna jambo kuhusu dawa hizi ambalo wahudumu wengi hatuwaambii. Mara chache sana, dawa ya kifafa inaweza kugusa damu ya anayeitumia, na kwa mzee jambo hilo ni rahisi kutoonekana. Tunanyamaza kwa nia njema. Mimi naona tunakosea, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

POST YA 2

Hii ilitokea kusini huku huku, kabla sijaja kufanya kazi Ndanda. Sitataja hospitali, na mambo ya kumtambulisha mgonjwa nimeyaacha.

Alikuja bibi mmoja, umri umeenda, ameletwa na mjukuu wake mwenye mtoto mgongoni. Bibi alikuwa ameanza kuanguka miezi kadhaa baada ya kiharusi. Daktari akamwandikia kabamazepini, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la Tegretol. Mimi ndiye niliyewapa maelekezo. Nikamwambia yule mjukuu: "Ampe asubuhi na jioni, asiruke hata siku moja, vidonge vikibaki vichache mrudi." Basi. Nikamwita mgonjwa mwingine, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kama mwezi mmoja na nusu baadaye bibi akaanza homa na koo kuuma. Ilikuwa msimu wa korosho, watu wote wako shambani. Mjukuu akaenda duka la dawa, akapewa mseto, kwa sababu huku kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Siku tatu, homa iko pale pale. Akarudi akapewa vidonge vya koo. Bibi akatoka vidonda mdomoni, akashindwa kula hata uji. Nyumbani wakasema ni uzee, meno yamemwoza. Walipomfikisha hospitali hawezi kukaa.

Tukatoa damu kwa kipimo cha picha kamili, kile ambacho kwenye karatasi ya maabara huandikwa FBP. Kwa kawaida mtu mzima ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika tone dogo kabisa la damu, mikrolita moja. Bibi alikuwa hata 1,000 hafikishi. Hizo ndizo askari wa mwili. Alikuwa anapigana na vijidudu vya mdomoni bila askari.

Daktari akasimamisha ile dawa, akampa nyingine ya kuzuia kifafa, na dawa kali za bakteria kwa mshipa. Mungu alisaidia. Taratibu chembe zikapanda, na bibi akarudi nyumbani.

Siku ya kuruhusiwa yule mjukuu akaniuliza kwa upole kabisa, bila hasira: "Dada nesi, hii dawa mlijua inaweza kufanya hivi?" Nikasema ndiyo, tunajua, ila ni nadra. Akasema: "Mngeniambia tu. Mimi nalala naye chumba kimoja."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

POST YA 3

Sasa tuelewane hizi dawa zinafanyaje, kwa lugha ya nyumbani.

Damu inatengenezwa kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Uboho unatoa vitu vitatu. Chembe nyekundu, zinazobeba hewa na kukupa nguvu. Moja inaishi kama siku 120. Chembe nyeupe za kupigana na bakteria, ambazo maisha yake ni mafupi, saa hadi siku chache tu. Na chembe sahani, zinazoziba pale unapokatwa. Hizo zinaishi siku 8 hadi 10. Ndiyo maana uboho ukisumbuliwa, upungufu wa chembe nyeupe na sahani unaonekana haraka, na ule wa nyekundu unakuja polepole.

Dawa za kifafa zinazotumika sana kwetu ni fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini na valproeti ya sodiamu. Kila moja ina tabia yake.

Kabamazepini inaweza kushusha chembe nyeupe. Kushuka kidogo tu, bila madhara, hutokea kwa kama mtu mmoja kati ya kumi, na mara nyingi zinapanda zenyewe. Kushuka kabisa kama kwa yule bibi, au uboho wote kuacha kazi, ni nadra mno. Inakadiriwa kwamba katika watu milioni moja ambao hawatumii dawa hii, kwa mwaka kama 6 huishiwa chembe nyeupe na kama 2 hukaukiwa uboho. Kwa wanaotumia kabamazepini hatari hiyo ni kubwa mara 5 hadi 8. Chukua mkoa wetu wote wa Mtwara, watu kama milioni 1.6 kwa sensa ya 2022. Hata kama kila mmoja wetu angekuwa anameza dawa hii, wangepatwa kama watu 60 hadi 100 kwa mwaka. Ni wachache sana. Ila ukiwa wewe ndiye mwenye huyo mgonjwa mmoja, neno "nadra" halikusaidii kitu.

Valproeti inaweza kupunguza chembe sahani, hasa dozi ikiwa kubwa na umri ukiwa mkubwa. Kawaida sahani huanzia 150,000 kwenda juu. Sasa fikiria mzee wa kiharusi: wengi wanameza pia aspirini ndogo ili damu isigande. Sahani zimepungua, na aspirini inazizuia zile zilizobaki zisifanye kazi vizuri. Damu ikianza kutoka, inachelewa kukatika.

Fenitoini na fenobabitoni, zikitumika muda mrefu, zinaweza kupunguza foliki asidi mwilini, na chembe nyekundu zikaanza kutoka kubwa lakini chache. Huyu hatoki damu wala hana homa, anachoka tu kila siku zaidi ya jana.

Nyongeza moja ambayo si nadra kwa wazee: kabamazepini inaweza kushusha chumvi ya kwenye damu, hasa kama mzee anatumia na vidonge vya presha vya kukojoza. Anachanganyikiwa, anayumba, anaanguka. Nyumbani mnasema kifafa kimezidi, kumbe ni chumvi.

Na kwa nini wazee zaidi? Ini na figo zao zinasafisha dawa polepole, kwa hiyo inakaa mwilini muda mrefu. Protini ya damu inayoishika dawa huwa imepungua, hasa kama anakula ugali wa muhogo na mboga kidogo tu. Wana dawa nyingine tatu nne za presha, sukari, miguu. Na kubwa kuliko yote, kila dalili yao ina jibu tayari: "Ni uzee huo."

POST YA 4

Nimeongea na wenzangu kazini kuhusu hili. Wengi wananiambia: "Ukiwaambia watu wa kijijini kwamba dawa inagusa damu, kesho wanaitupa. Halafu mzee atakufa kwa kifafa, na wewe ndiye uliyemuua."

Siwabezi. Nimeona kwa macho. Kuna babu mmoja, familia yake ilisikia kisimani kwamba dawa za kifafa "zinakausha damu". Wakamuachisha siku hiyo hiyo, dawa aliyoitumia kwa miaka, fenobabitoni. Dawa hii ikikatwa ghafla, ubongo unaruka kama spring iliyoachiwa. Akaanguka mara nyingi mfululizo bila kuzinduka katikati, mara ya kwanza kabisa akaangukia mafiga. Aliletwa ameungua mkono mzima.

Na tukumbuke tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, Ulanga. Alikuta watu wenye kifafa wametengwa, wanalishwa peke yao kwa kuogopwa mate na povu lao, wengine wana makovu ya moto. Dawa aliyowategemezea sana ilikuwa hiyo hiyo fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa Ujerumani mwaka 1912. Ni dawa ya bei nafuu, na iliwarudisha watu mezani na ndugu zao. (Na povu la kifafa haliambukizi, naomba hilo liishe leo.) Kwa hiyo mimi si adui wa dawa hizi. Nikichagua kati ya dawa na kukaa bila dawa, nachagua dawa.

Ila hebu tuangalie vizuri ile familia ya babu. Je, waliacha dawa kwa sababu nesi aliwaambia ukweli? Hapana. Waliacha kwa sababu hakuna nesi aliyewaambia kitu, wakaambiwa na kisima. Tukinyamaza sisi, habari itafika tu, ila itafika nusu, na nusu inayofika siku zote ni ile ya kutisha. Nusu ya pili, ile ya "ni nadra, alama zake ni hizi, na usiache dawa ghafla", inabaki kwetu kwenye kabati.

Marekani walipitia hili. Mwaka 1993 dawa mpya ya kifafa iitwayo felbameti iliruhusiwa kule. Mwaka 1994 ikagundulika kuwa baadhi ya wagonjwa wanakaukiwa uboho na wengine ini linakufa. Hawakuifuta moja kwa moja, kwa sababu kuna wagonjwa waliokuwa hawasaidiwi na dawa nyingine yoyote. Walichofanya ni kuibana: itumike kwa wachache, na mgonjwa au ndugu asome hatari zote na kusaini pamoja na daktari kabla ya kuanza. Yaani dawa ilipoonekana hatari zaidi, ndipo ndugu walipoambiwa zaidi.

Mwingine atasema, basi tupime damu kila mwezi, tusitegemee macho ya mama wa nyumbani. Napenda sana vipimo, na nitaviomba hapo chini. Lakini chembe nyeupe zinaweza kuporomoka ndani ya siku chache, katikati ya kipimo kimoja na kingine. Leo karatasi ni nzuri, wiki mbili zijazo mtu hana askari. Hata penye mashine kila kona, anayeona kwanza ni yule anayelala naye chumba kimoja. Na zahanati nyingi za vijijini hazina hiyo mashine, ni mpaka ushuke kutoka juu Newala au utoke kijijini uje hospitali.

Kwa hiyo macho yako, mama, ni sehemu ya matibabu. Na macho yasiyoambiwa kitu cha kuangalia hayaoni.

POST YA 5

Haya sasa. Hii ndiyo ya kuhifadhi kwenye simu. Kama mzee wako anatumia dawa yoyote ya kifafa, mpeleke kituo cha afya au hospitali SIKU HIYO HIYO ukiona mojawapo ya haya:

1. Homa pamoja na koo kuuma au vidonda mdomoni. Akipimwa malaria ikawa hasi, usikubali kurudi na mseto tu. Hata ikiwa chanya, sema kwamba ana vidonda na anatumia dawa ya kifafa. Na kumbuka, mzee anaweza asichemke mwili kabisa. Akikataa kula ghafla na kulegea, hesabu hiyo kama homa.

2. Damu kutoka bila sababu. Fizi zinatoa damu akipiga mswaki, pua inatoka damu haikatiki, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami. Kama anatumia vidonge vya kuongeza damu choo huwa cheusi pia, lakini nenda kaulize, usijijibu mwenyewe.

3. Madoa madogo madogo kama ncha ya kalamu, ambayo ukibonyeza hayapotei, au mabaka ya kuvilia damu wakati hajajigonga. Kwa ngozi zetu nyeusi ni vigumu kuyaona. Unapomuogesha angalia miguuni chini ya goti, fungua mdomo uangalie juu ya kinywa, geuza mdomo wa chini.

4. Weupe na uchovu unaoongezeka. Vuta kope la chini uangalie ndani, angalia viganja na ulimi. Mzee aliyekuwa anafika msikitini au kanisani kwa miguu, sasa anapumzika njiani mara mbili, usiseme ni uzee kabla hajapimwa.

5. Upele wa mwili mzima wenye homa, au ngozi kuchubuka, au macho na midomo kuvimba na kuwa vidonda. Hii ni dharura kubwa, usisubiri hata asubuhi.

Mambo haya yanaweza kutokea wakati wowote, ila macho yawe makali zaidi miezi ya mwanzo na kila dozi inapobadilishwa.

Ukifika, usiseme tu "bibi anaumwa". Sema hivi: "Huyu bibi anatumia dawa ya kifafa, ameanza tarehe fulani, ana moja, mbili, tatu. Naomba apimwe picha kamili ya damu." Beba dawa ZOTE anazotumia kwenye mfuko, pamoja na za presha, za kienyeji na zile za ARV kama zipo. Usione aibu, dawa za kifafa na ARV zinaweza kupunguzana nguvu, na daktari lazima ajue.

Na mambo matatu usiyafanye:

Usimuachishe dawa mwenyewe. Hata ukiona alama, kukimbia hospitali ni kazi yako, kuamua kuacha au kubadili ni kazi ya daktari. Kumbuka yule babu wa mafiga.

Usimnunulie foliki asidi kimyakimya kwa sababu umesoma hapa. Ikizidi inaweza kupunguza nguvu ya fenitoini, kifafa kikarudi. Uliza kwanza. Mboga endelea nazo: kisamvu, majani ya kunde, mchicha, mbaazi na choroko ni vizuri, ila usichemshe majani mpaka yapoteze rangi.

Usimuongezee dawa za maumivu za dukani ovyo, hasa diklofenaki na aspirini, kama tayari anatumia valproeti.

POST YA 6

Namalizia na wenzangu wa kazi, najua mnanisoma.

Naomba vitu vinne. Kwanza, mzee asianzishiwe dawa ya kifafa bila picha kamili ya damu ya mwanzo pale mashine ilipo. Tusipojua alikuwa na ngapi, tutajuaje zimeshuka? Pili, arudie kipimo miezi ya mwanzo inapowezekana. Sera yetu inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, basi kipimo hiki kisigeuzwe anasa kwao.

Tatu, tuandike zile alama nyuma ya kadi ya kliniki kwa Kiswahili kinachosomeka, na kama ndugu anaelewa zaidi Kimakonde, Kimakua au Kimwera, tumtafute mtu amwambie kwa lugha hiyo. Halafu tumwombe aturudishie kwa maneno yake: "Mama, ukiona nini utamleta?" Inachukua dakika mbili. Najua foleni. Mimi ndiye niliyewahi kushindwa kutoa dakika hizo mbili, na nimewaambia zilitugharimu nini.

Nne, tukimpata mgonjwa wa namna hii tujaze fomu ya njano ya TMDA. Madhara nadra hayawezi kujulikana kwenye kituo kimoja. Mimi nimeona mmoja, wewe umeona mmoja, mwenzetu wa Tandahimba ameona mmoja, na kila mmoja anadhani ni bahati mbaya yake. Zikikusanywa zote mahali pamoja ndipo nchi inajua. Mgonjwa au ndugu naye anaruhusiwa kutoa taarifa, si lazima uwe nesi.

Na ninyi wamama, ombi langu ni dogo. Kesho asubuhi unapompa bibi kidonge chake, mwambie afungue mdomo uangalie. Vuta kope. Mkiwa mnaoga angalia miguu. Usimtishe, fanya huku mnapiga stori. Ukiona kila kitu kiko sawa, mpe dawa yake anywe, kwa sababu hiyo dawa ndiyo inayomfanya asiangukie moto.

Swali lolote weka kwenye koment nitajibu nikitoka zamu. Ila tafadhali usiposti hadharani picha ya kadi wala ya mgonjwa wako. Na kama una dada au wifi anayemuuguza mzee, mtumie hii. Post ijayo, Mungu akipenda, ni kwa wamama wenyewe wanaotumia dawa za kifafa na wanataka kubeba mimba, maana hapo napo tunanyamaza sana.